Chumvi ya Ngazini

Leo watakupa saa ya ukutani
na maua yaliyofungwa utepe,
na diwani atasoma miaka yako kwa tarakimu:
thelathini na mmoja, paa jipya, maktaba,
kombe la kuogelea.
Mimi nitakuwa nyuma, karibu na mlango wa jikoni,
nikingoja wamalize keki nifagie makombo.

Lakini nilikuwepo, Bi Lorna Geddes,
saa kumi na mbili kasorobo, Januari,
Dundee bado giza, mto Tay hauonekani,
unajulikana kwa baridi yake tu.
Nilikuja na ufunguo wangu
nikadhani kivuli kile ni mwizi.
Kumbe mwalimu mkuu, kapiga magoti ngazini,
kofia ya sufu imemmeza nyusi,
anamwaga chumvi juu ya barafu kwa kiganja
kama mtu anayelisha kuku.
"Mlinzi anaumwa," ulisema, "na watoto hawana breki."

Kwetu Pangani mtu wa makamo na busara
husemwa kala chumvi nyingi.
Wewe sijui ulikula kiasi gani.
Mimi niliona uliyoimwaga.

Pipa la taka halijui kuficha.
Lako, miaka kumi na minne, nimelibeba:
maganda ya machungwa,
barua za halmashauri zilizofinyangwa kwa hasira,
risiti za viatu vya watoto, saizi kumi, saizi kumi na tatu,
ambavyo mhasibu hakuambiwa.
Na siku moja, Septemba, karatasi ya mistari:
Mwa-na-he-ri. Mwa-na-he-ri. Mwanaheri.
Mara ishirini na mbili, nilihesabu,
kwa kalamu nyekundu, alama ya mkazo ikihamahama
mpaka ikapata pa kukaa.
Kesho yake binti yangu alirudi akasema,
"Mama, leo nimeitwa."
Si ofisini. Nimeitwa, basi.

Sitakupamba. Una sauti ya king'ora,
na chai yako ni maji ya kuoshea vikombe.
Na ule mwaka wa dirisha lililovunjwa
ulimrudisha nyumbani Kibwana wangu siku tatu
kwa jiwe ambalo hakulirusha.
Nilipiga deki ofisi yako bila kuigusa meza,
vumbi nikaliacha likuseme.
Siku ya nne lifti ya kwetu ilikuwa mbovu.
Ukapanda orofa tisa kwa miguu,
ukafika mlangoni huna pumzi,
na hukuniulizia mimi, ulimtaka yeye.
"Kibwana, nilikosea."
Kisha ukakaa jikoni ukala maandazi manne.
Mtoto wa miaka kumi na mmoja
hakuwa amewahi kumwona mkubwa akishuka hivyo
baada ya kupanda ngazi zote zile.

Sasa ana mabega ya kujaza mlango,
anaendesha gari la halmashauri
linalomwaga chumvi barabarani usiku wa theluji.
Sisemi ni kwa sababu yako.
Mshahara ni mzuri.

Nami nimekuletea kisichotundikwa ukutani,
ubeti mmoja wa kwetu, wenye vina.
Maana yake huenda ikupite,
lakini nakujua: nyumbani utachukua kalamu nyekundu
mpaka uutamke sawasawa.

   Umezishika funguo, leo waweka mezani,
   Zilikutoboa nguo, mifuko yote kotini,
   Kesho huna tena chuo, lala, kuche dirishani,
   Chumvi niachie mimi, nimwage kule ngazini.

Haya, wanakuita mbele.
Futa kwanza sukari ya keki kidevuni.