Tundu

Ghorofa ya chini kabisa, Tartu, digrii kumi na sita,
kiangazi na theluji zikipokezana huko juu,
Leelo Randmäe anakoroga gundi ya wanga
nyepesi kama uji wa mgonjwa.

Mbele yake daftari la mwalimu wa shule
aliyepima barafu ya mto miaka thelathini na mmoja,
kwa mwandiko wa mtu anayetetemeka.

Jana iliingia barua kutoka Ulan Bator.
Oyunchimeg, mwanafunzi, anahesabu mito inayochelewa kuganda.
Anaomba ukurasa mmoja tu: Novemba.

Leelo anafunua. Novemba ipo.
Ila tarehe tisa, penye unene wa barafu,
bungua amepita. Amekula tarakimu,
akasaza: "na nusu".

Na nusu ya ngapi, bwana mdudu?

Angeweza kukisia. Tarehe nane ni tatu, tarehe kumi ni nne;
mtoto wa darasa la pili angejaza.
Anabandika karatasi laini nyuma ya tundu,
nyeupe, haina neno,
anapiga picha, anatuma.

Chini yake anaandika: Dada, hapa sijui.
Nimekutunzia na kutojua kwenyewe.

Ukurasa umetoka, na haukutoka:
anaufunga, anaurudisha sandukuni,
ananawa gundi vidoleni, anapanda ngazi.

Nje, mto Emajõgi unatiririka mweusi, haujaganda.
Ni tarehe kumi na saba Desemba.