Ukingo wa Kushoto

Hii ni mara ya tatu nauziwa filamu ileile.
Kwanza kanda, nyeusi, nzito kama tofali.
Kisha diski, mwaka ule benki zilipofunga milango,
kwa pesa niliyokuwa nimeiwekea viatu;
kumbe ilinakiliwa kutoka kanda ileile.
Na leo, Julai, Montevideo, mvua ya ubavuni,
Ledesma ananisogezea juu ya meza
kasha la karatasi ngumu lenye kijitabu ndani.
"Toleo jipya," anasema. "Limesafishwa picha kwa picha."
Bei anaitaja akitazama dirishani.

Peso elfu mbili na mia nne.
Hiyo ni gesi. Ni gesi na nyama ya Jumapili,
na chenji ya kahawa inabaki.

Naligeuza. Maandishi madogo kama sisimizi:
rangi zimerekebishwa
(wakereketwa wanalalama kijani kimezidi,
chembechembe zimefutwa, nyuso zinateleza kama sabuni);
sauti imegawanywa njia tano,
nami nyumbani nina spika moja, na nyingine hukoroma.
Nayasoma yote hayo kama mtu asomaye cheti cha daktari,
akitafuta neno moja tu.
Nalo lipo, mstari wa mwisho:
kwa mara ya kwanza, picha kwa upana wake wote.

Lazima nieleze.
Dakika ya arobaini na moja, uwanjani,
nyuma ya mwigizaji mkuu anayelia,
anapita mwoka mikate, sinia kichwani.
Ni baba. Heber Altieri.
Walimlipa sandwichi; jina hawakuliandika popote.
Sekunde nne. Katika ya tatu anageukia kushoto,
anainua mkono, anacheka
cheko ambalo sisi hatukuwahi kuletewa nyumbani
(sisi tulipata la jioni, la mtu aliyeamka saa nane za usiku),
na kioo kinaishia hapo.
Televisheni za zamani zilikuwa karibu mraba.
Filamu ilikatwa mbavu ipate kuenea.
Aliyepungiwa mkono alibaki nje.

Mpiga picha, alisema mama.
Mbwa, alisema kaka yangu Elbio, baba alipenda mbwa.
Shangazi Zulma hakusema kitu;
aliondoka kwenda kutazama maziwa jikoni,
na jikoni hapakuwa na maziwa.
Majira hayo mama alikuwa Salto, kwa wazazi wake,
na mimi tumboni.

Baba alipokufa, mama aliirudisha kanda
usiku baada ya usiku,
akiigandisha palepale, mkono ukiwa juu,
mpaka mahali pale pakachakaa:
theluji, mistari, mlio kama mafuta yakikaanga.
Nikitazama siku hizi sioni tena uso wa baba.
Naona kidole cha mama kwenye kitufe.
Na hilo nalo, kwenye toleo hili, halipo.

Usilolijua ni kama usiku wa giza, husemwa.
Sawa.
Ila wapo watu hulala vizuri gizani.
Mama alilala humo miaka ishirini na sita.

Ledesma anakohoa. "Yalikuja matano. Yamebaki mawili."
Mbuzi kwenye gunia huyu si mgeni, nawaza,
nimemlisha miaka thelathini; ni kichwa chake tu sijakiona.
Namwuliza swali la kipumbavu:
mtu anaweza kulinunua asilitazame?
"Nusu ya wateja wangu," anasema,
"hawachani hata nailoni."

Nalipa. Noti ya mwisho imelowa, anaipuliza.
Kulipa siyo kuamua, najua,
Elbio atanicheka, gesi itaisha Alhamisi.

Mgongoni mwa kasha kuna picha tatu ndogo.
Ya katikati ni uwanja.
Nimelibeba mpaka nyumbani, mitaa kumi na moja, mvuani,
kidole gumba kikiwa juu yake.