Sifuri Hadi Tisa

Mwezi huu wa Mei mvua imenyesha siku kumi na tisa,
na mimi, Mirdza, binti wa fundi mapipa wa Kuldīga,
nimevaa buti za mpira kwenda kuhesabu magonjwa.

Ndiyo kazi yangu. Wengine huhesabu fedha.
Mimi hugeuza jani la mtufaha, nikalitazama mgongo,
nikaandika tarakimu: sifuri, jani safi;
tisa, jani limekwisha, limebaki jina.

Mstari wa tatu ni mbegu yenye pupa.
Nimelizungushia shina utepe: sentimita thelathini na moja,
mwaka jana ishirini na nane.
Unakula ardhi kama kijana aliyerudi kutoka jeshini.
Kuzaa? Kilo arobaini kwa mti, matawi tunayaegemeza magongo.
Lakini kila tunda lina kigaga,
goti la mtoto aliyeanguka juzi.

Mstari wa tano una ubwiri unga:
vichipukizi vyeupe, vimejikunja,
utadhani mwoka mikate amepita akikung'uta aproni.
Hauzai sana, hauzai kidogo. Ni mti wa tutaona.

Mstari wa nane ndio fahari ya kituo.
Miaka kumi na miwili: sifuri, sifuri, sifuri,
bila tone la dawa.
Mkuu wetu, Bwana Vilnis, huwapeleka wageni pale kwanza,
na kabla hawajaondoka, pale tena.
Jirani Arvīds ameuza ng'ombe wake apande mbegu hiyo hekta mbili.

Leo, jani la chini, upande wa kaskazini,
nimeona doa. Rangi ya zeituni, ukubwa wa dengu.
Nimelisugua kwa kidole gumba nikidhani tope.
Halikufutika.

Kuvu haina haraka.
Imelala ndani ya majani makavu, chini ya theluji,
majira kumi na mawili ya baridi,
ikijaribu funguo, moja baada ya nyingine,
na sisi juu tukipiga picha na wageni.
Usilolijua ni usiku wa giza, husema watu.
Hili nimelijua, na giza liko palepale.

Nikiandika sifuri, nani ataniuliza?
Ng'ombe wa Arvīds wameshakuwa nyama mjini.

Nimeketi juu ya kreti, nimetoa kisu
na tufaha la mstari wa tatu, la ghalani tangu Oktoba,
limekunjamana, kigaga na yote.
Nimemenya kigaga, nikala kilichobaki.
Tamu, jamani. Tamu mno.

Kisha nimeandika: mstari wa nane, mti wa sita. Moja.
Nimeikandamiza ile moja mpaka karatasi ikatoboka,
nikalifunga jani kwenye leso,
nikashika njia ya kwa Arvīds
kabla ya njia ya ofisini.