Tuta la Shamari

Kwaresima, theluji ingali imelala chini ya ukuta wa monasteri,
nilihamisha matuta bila kumwuliza.
Mnanaa kwenye majimaji,
shamari nikaipeleka kisimani.
Nikajiona fundi.

Bruda Wipert hakuona tangu mwaka wa njaa.
Hatua kumi na moja toka chumba cha wagonjwa,
kisha pua.
Asubuhi ile akapiga magoti, akachuma, akanusa:
kitunguu saumu.
Akanusa tena.

Shamari ni dawa ya macho, ndivyo alivyonifunza,
ingawa yake haikuyaponya.

“Gozbert,” akaita, akipapasa udongo,
“macho yangu umeyapanda wapi?”

Usiku nikarudisha mche kwa mche
kwa mshumaa wa altare, niliouiba.
Mingi ilinyauka.
Tangu hapo, hatua zake kumi na moja
alizihesabu kwa sauti,
nisikie.