Mwanamke Ana Maana Gani?

Taa za bweni huzimwa saa tano kamili.
Wenhui anakoroma kitanda cha juu,
nami nimejifunika blanketi hadi utosini,
visikizi masikioni, penseli mdomoni.

Mwanamume anauliza maktaba inafungwa lini.
Mwanamke anacheka, anasema mvua imekatika.
Kisha ile sauti kavu, kama ya karani wa posta:
*Mwanamke ana maana gani?*
Nachagua B. Jibu ni D.
Narudisha nyuma. Kiingereza kinaniponyoka
kama tambi kwenye vijiti vya mgeni.

Jumapili mama alipiga simu kutoka Tianshui,
kwa lafudhi yetu, ile ninayoificha darasani.
Alisema, "Jalidi ilikuta miti ina maua."
Alisema, "Matufaha? Yapo, yapo."
Alisema, "Tiketi ghali. Baki huko usome."
Nyuma yake baba alikohoa,
na sauti yake ikazunguka ghalani,
ghala ambalo miezi hii hujaa hadi darini
na halina mwangwi.

Mwanamke ana maana gani?
Hakuna A, hakuna B,
wala kitufe cha kurudisha nyuma.

Nilimjibu, "Nimesikia, mama,"
nikauliza kama paka amezaa.