Namba Kumi na Tisa

Nimefua jezi za timu hii misimu kumi na mmoja,
mimi Somoe Nampota wa Chikongola,
na mchezaji namjua kwa jasho lake.
La mvivu hunukia marashi.
La Jenivaldo lilinuka chumvi na dawa ya kuchua.

Alivuka Ruvuma kwa kivuko cha Kilambo,
begi moja, magoti mawili ya kukopa,
miaka thelathini na tatu kwenye karatasi
(thelathini na sita, aliniambia baadaye, tukianika).
Mbrazili! Mji ukatoka kwenda kumtazama.
Walitarajia kanzu, visigino, tobo.
Wakaona beki anayebutua mpira
kama mtu anayefukuza kuku kwenye udaga.

"Huyu Mbrazili wa wapi?" aliuliza muuza kahawa.
Wa huku na huku.
Malta miezi minane. Vietnam, mvua.
Kuwait walimlipa nusu, nusu anaidai mpaka leo.
Makedonia alivunjika kidole cha mguu
na mama mwenye nyumba akamfundisha kufuma soksi.
Malawi. Nampula.
Miaka kumi na saba, mabao tisa,
anayakumbuka yote, hata lile la kujifunga.

Mshahara wake ulisubiri mnada.
Mfadhili wetu ni chama cha msingi,
na korosho zilikuwa ghalani zikingoja bei.
Mnada wa kwanza wakulima waligoma.
Wa pili, bei ikashuka.
Kiswahili alikianzia hapo: "Kesho mnada?"
Kodi ya chumba Magomeni ikawa deni,
deni likawa urafiki,
maana mwenye nyumba alipenda habari za theluji.

Sokoni alisema Kireno na akina mama wa ng'ambo,
wakamcheka lafudhi, wakamwongezea dagaa.
Halafu, msimu wa mabibo,
alisimama mbele ya beseni kama mtu aliyeitwa jina.
"Kaju," akasema.
"Kanju," nikasema. Bibi yangu aliita hivyo.
Akanieleza kwamba mti huu asili yake ni kwao,
ulipakiwa melini, haukuulizwa,
ukashushwa huku, ukazaa kwa wageni.
Akauma bibo, na jezi ya mechi mwilini.
Maji yakamchuruzika kifuani mpaka kwenye nembo.

Nilipiga kelele! Doa la bibo,
kila mama wa Kusini anajua, halitoki.
Si kwa sabuni ya mche, si kwa ndimu,
si kwa jua la Januari.
Naye akacheka hadi akakaa chini:
mama yake, huko Ceará,
alimchapa kwa doa hilohilo.

Bao alitufungia moja, la kichwa,
dhidi ya timu ya Songea,
mbele ya watu mia mbili na mvua.
Hakushangilia. Alishika goti.

Machi barua ikaja, mistari minne,
jina lake limekosewa.
Nauli hadi Dar, na gunia mbili za korosho
badala ya ile miezi mitano.
Moja aliuza. Moja aliniachia mlangoni, hakubisha hodi.
Sasa wapo wanaosema yuko Kambodia.

Kumi na tisa amepewa kijana wa Nanyamba,
mwepesi, anapenda tobo.
Juzi kanirudishia jezi, kanuna:
"Bi Somoe, hili doa hujalitoa."
Nikamuuliza kama ana pasipoti.