Sifuri Nukta Nne

Januari, Ostrava, ghorofa ya saba.
Nje ni nyuzi kumi na nne chini ya sifuri,
nami nimefungua mlango wa roshani
ili baridi iingie, baridi isiyo na bili,
ivipulizie vijiti viwili vya kumbukumbu
vilivyosimama kwenye bodi kama wanafunzi waliochelewa.

Kompyuta yangu haina ubavu, nimeuvua.
Feni ya pembeni nimeifunga kwa kiwaya cha mfuko wa mkate.
Ukiiona utadhani gari lililobaki gereji baada ya fundi kufa.
Lakini inakimbia.

Zbyněk anakaa ng'ambo ya mto.
Tulisoma naye chuo cha ufundi, tukanuniana mwaka mzima
kwa ajili ya bisibisi moja.
Siku hizi kila Ijumaa hunipigia simu.
Hanisalimu. Namba ndiyo salamu:
"Hamsini na sita nukta tatu."

Maana yake, tangu prosesa iulize
hadi kumbukumbu ijibu "ninacho, hiki hapa,"
zimepita nanosekunde hamsini na sita na ushei.
Jicho likipepesa mara moja tu,
swali na jibu hilo vimekwenda na kurudi mara milioni mbili.
Nani atauona upesi huo?
Barua haifiki mapema. Chai haichemki mapema.
Ila mwenzio akikupita kwa unywele,
unywele huo utaulalia usiku kucha kama gogo.

Napandisha. Elfu saba mia sita: imewaka.
Elfu nane: imewaka, ikakohoa, ikawaka.
Elfu nane mia mbili: skrini nyeusi,
nami gizani nahesabu pumzi zangu kama mkunga.
Naongeza volti, chembe tu,
kama mtu anayetia chumvi kwenye mchuzi wa wakwe.
Imewaka.
Napima mara tatu, naandika kwenye daftari la hesabu la binti yangu:
hamsini na sita nukta moja,
hamsini na sita kamili,
hamsini na tano nukta tisa.
Napiga simu. Sisalimu.
Upande wa pili kimya, kisha kijiko kikigonga kikombe.

Lile jaribio la kukesha, la kusaka makosa,
sikulifanya. Lilitaka saa nane.
Mtu aliyeshinda anazitoa wapi saa nane?

Mbio za sakafuni, na ukingo wake
ulikuwa kwenye folda ya picha.
Wiki hiyo nilihamisha picha zetu kutoka diski kuukuu kwenda mpya,
kila moja ikapita kwenye vile vijiti,
ikalala humo kitambo kisichofika kufumba jicho,
na mahali fulani, katika mamilioni, biti moja,
moja iliyojisahau, ikasema sifuri.
Diski kuukuu nilikwisha kuifuta.

Květa ndiye aliyeiona.
Ni yeye, miaka kumi na tisa, juu ya bwawa lililoganda,
kofia nyekundu, mikono ameitandaza;
kuanzia kiunoni kwenda chini, mistari ya kijivu.
Viatu vya kutelezea hakuna. Barafu hakuna.
Bwawa zima limekuwa ukuta usiopakwa rangi.
Aliinamia skrini muda mrefu.
"Umenikata miguu," alisema. "Kwa nanosekunde ngapi?"
Nukta nne, nikasema. Sifuri nukta nne.
Akacheka, halafu akaacha kucheka,
akaenda kuufunga mlango wa roshani.

Usiku ule niliteremsha hadi elfu sita mia nne,
nikaliacha jaribio likeshe peke yake.
Asubuhi: makosa, sifuri.
Sifuri safi kama sahani iliyolambwa.
Miguu haikurudi.

Ijumaa Zbyněk akapiga.
"Hamsini na tano nukta tano."
Hongera, nikasema. Kisha nikamuuliza,
mara ya kwanza tangu ile bisibisi, kama hajambo.
Akanyamaza. Nilisikia feni zake zikivuma kama nyuki,
halafu zikakatika, zote kwa pamoja,
na sauti yake ikilaani polepole, gizani.
"Ngoja," alisema. "Usikate. Itawaka."